Semina ya usalama wa abiria wa ndege, Lubumbashi: chupa imechambuliwa, katoni imeachwa mezani

Kampuni moja ya ulinzi yenye ofisi katikati ya mji wa Lubumbashi imekuwa ikiwatangazia wafanyabiashara, mashirika na makampuni yanayohudumia migodi semina ya siku nzima kuhusu usalama wa abiria wa ndege. Ada ni dola 60 kwa mtu, na ndani yake mna chai ya asubuhi, chakula cha mchana, kitini na cheti. Tangazo linaahidi kwamba mshiriki atatoka akiwa na uwezo wa kupima ukweli wa tishio, yaani kutenganisha hatari inayoweza kumfika na ile inayovumishwa tu. Ahadi hiyo ndiyo iliyonivuta, kwa kuwa kazi yangu ni kuwakatia tiketi wafanyakazi wanaotoka hapa kwenda Kinshasa, Addis Ababa na Nairobi, na hakuna habari ya bomu au ya kiwanja kufungwa inayosikika redioni bila simu yangu kulia. Jina la kampuni sitalitaja. Nitapima mafundisho yenyewe, nikiulinganisha uzito wake na fedha inayolipwa.

Niseme mapema kwamba asubuhi ya semina hii ina thamani kubwa kuliko bei yake, na kwamba mchana wake unaharibu sehemu ya kile kilichojengwa asubuhi. Mkufunzi ana kipimo kizuri mkononi, lakini anakitumia kwa vitu vinavyotisha na kukiweka kando anapofika kwenye vitu ambavyo msafiri wa Luano, kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, anavibeba kweli.

Kipimo chenyewe ni maswali matatu: je, kuna mtu mwenye nia, je, ana uwezo, na je, anayo nafasi ya kukifikia anachokilenga? Jibu la swali lolote likiwa hapana, tishio linabaki kuwa hofu. Maswali haya hayakubuniwa na kampuni hii, yanatumiwa na wataalamu wengi, lakini mkufunzi aliyafundisha kwa ufundi, kwa Kiswahili safi kilichosaidia sana kwa kuwa picha zote ukutani zilikuwa na maandishi ya Kifaransa. Alianza na Richard Reid, ambaye tarehe 22 Desemba 2001 alijaribu kuwasha kilipuzi kilichofichwa kwenye viatu vyake ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Miami, akazuiwa na abiria na wahudumu, ndege ikatua Boston. Akaendelea na Umar Farouk Abdulmutallab, aliyepanda Amsterdam kwenda Detroit siku ya Noeli mwaka 2009 akiwa na kilipuzi ndani ya nguo ya ndani. Katika kisa hiki cha pili mkufunzi alisisitiza jambo ambalo watu wengi hulisahau: baba yake kijana huyo, mwezi mmoja na siku chache kabla, alikwenda mwenyewe kwenye ubalozi wa Marekani mjini Abuja kutoa tahadhari kuhusu mwanawe. Habari ilikuwepo, na haikufanyiwa kazi. Watu wote wawili walikuwa na nia na nafasi, na uwezo ndio uliowapungukia, kwa kuwa vilipuzi vyao havikulipuka kama walivyotaka. Maelezo haya yalikuwa mafupi, sahihi, na hayakumtia mtu kiwewe.

Baada ya hapo tukafika kwenye chupa, na chupa ikala muda mwingi kuliko kitu kingine chochote siku ile.

Kila anayesafiri kwenda nje anaijua sheria ya mililita 100, lakini ni wachache wanaojua ilikotoka. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walikamata kundi la watu waliodaiwa kupanga kulipua ndege kadhaa zilizokuwa zikivuka Atlantiki, kwa kutumia vilipuzi vya maji vilivyofichwa katika chupa za vinywaji. Siku hiyohiyo vimiminika vilipigwa marufuku karibu vyote ndani ya ndege zilizotoka Uingereza, na mwezi Novemba mwaka uleule Umoja wa Ulaya ukaanza kutumia sheria ya chupa ndogo na mfuko unaopenya nuru ambayo mpaka leo inawanyang'anya watu mafuta yao ya kujipaka. Mkufunzi alisimulia haya vizuri. Kosa lake lilikuja alipoeleza jinsi shambulio lingefanyika. Alituambia kwamba abiria yeyote angeweza kuingia na chupa mbili za kemikali za kawaida, akajifungia chooni, akazichanganya kwa dakika chache, na ndege ikaisha. Ukumbi ulinyamaza. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu aliiangalia chupa yake ya maji kana kwamba ilikuwa imemsaliti.

Hadithi ya chooni ni ile iliyosambaa katika magazeti wiki za kwanza baada ya watu wale kukamatwa Agosti 2006, na wanakemia waliipinga hadharani wakati uleule. Mchanganyiko wa aina hiyo hautengenezwi kwa haraka. Unadai ubaridi, uangalifu na muda mrefu, tena harufu yake peke yake ingemfanya mhudumu agonge mlango. Waliosikia pingamizi hilo waligawanyika pande mbili, na kwa maoni yangu pande zote mbili zilikosea. Upande mmoja ukaendelea kuamini hadithi ya chooni kwa sababu serikali zilikuwa zimechukua hatua kubwa. Upande wa pili ukasema kwamba kama hadithi ya chooni ni uongo, basi njama nzima ilikuwa ya kubuni. Kilichojitokeza mahakamani London kilikuwa kitu kingine kabisa: mpango haukuwa wa kuchanganya chochote angani, ulikuwa wa kupanda na chupa zilizokwisha kuandaliwa nyumbani, zenye sura ya chupa ambazo hazijafunguliwa. Hata hivyo, kesi ya kwanza ya mwaka 2008 ilimalizika kwa washtakiwa watatu kupatikana na hatia ya kula njama ya kuua, huku baraza la raia waamuzi likishindwa kukubaliana kwamba ndege ndizo zilizolengwa. Ilihitajika kesi ya pili, mwaka 2009, ndipo watu haohao watatu wakapatikana na hatia ya njama dhidi ya ndege na kufungwa maisha.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu hapa ndipo maswali matatu ya mkufunzi yangeonyesha nguvu zake zote. Nia ilikuwepo, mahakama ilithibitisha. Nafasi ilikuwepo, kwa sababu mwaka 2006 hakuna aliyeuliza habari za chupa ya soda. Uwezo ndio uliokuwa wa kubishaniwa, na jibu lake linategemea kabisa ni mpango upi unaopimwa: ule wa chooni hauna uwezo, ule wa chupa iliyoandaliwa mapema unao. Mtu aliyefundishwa kupima angeweza kusema kwamba tishio lilikuwa la kweli na kwamba namna lilivyosimuliwa haikuwa ya kweli, akaishi na kauli hizo mbili bila shida. Badala yake tulipewa kauli moja yenye kutisha, tukaambiwa twende chai.

Kuna kisa kingine cha chupa ambacho mkufunzi alikitaja kwa sentensi moja tu, na ndicho ningependa kingechukua nusu saa. Tarehe 11 Desemba 1994, ndege ya Philippine Airlines namba 434 ilikuwa ikielekea Tokyo kilipolipuka kitu chini ya kiti. Abiria mmoja aliuawa, wengine wakajeruhiwa, na marubani wakaiteremsha ndege Okinawa. Kilipuzi kilikuwa kimeingizwa ndani ya chupa ndogo ya maji ya kusafishia lenzi za macho. Aliyekiweka, Ramzi Yousef, alikuwa anajaribu silaha kwa ajili ya mpango mkubwa zaidi wa kulipua ndege nyingi za Marekani, mpango uliogunduliwa mwezi uliofuata baada ya moto kuzuka katika chumba kimoja mjini Manila. Mkufunzi alikitumia kisa hiki kuthibitisha kwamba chupa ni hatari, na ni kweli. Lakini Yousef alipanda ndege ile Manila na kushuka Cebu, kituo cha katikati, akaiacha chupa chini ya kiti ambacho mtu mwingine alikuja kukikalia. Kwangu mimi, hapo ndipo penye kiini cha kisa. Kitu kiliendelea na safari na mwenye kitu hakuendelea.

Tazama sasa visa vikubwa vilivyoua watu wengi. Air India namba 182 ililipuka karibu na Ireland tarehe 23 Juni 1985, watu 329 wakafa, na sanduku lililobeba bomu lilikuwa la mtu aliyeandikisha mzigo Vancouver na hakupanda ndege. Pan Am namba 103 ililipuka juu ya Lockerbie tarehe 21 Desemba 1988, wakafa 259 waliokuwemo na 11 waliokuwa chini, na mahakama ilikubali kwamba sanduku lilisafiri bila mwenyewe. Na kile ambacho sisi wa Kongo tunapaswa kukijua kuliko vyote, maana kilianzia ng'ambo ya mto tu: tarehe 19 Septemba 1989 ndege ya UTA namba 772 ilitoka Brazzaville kwenda Paris kupitia N'Djamena, ikalipuka juu ya jangwa la Ténéré nchini Niger, watu 170 wakafa. Wachunguzi wa Ufaransa walimtaja abiria aliyepanda Brazzaville na sanduku, akashuka N'Djamena, sanduku likaendelea. Mwaka 1999 mahakama ya Paris iliwahukumu Walibya sita bila wao kuwepo.

UTA haikutajwa hata mara moja katika semina ya dola 60 inayofanyika Lubumbashi.

Haikutajwa hata pale ilipoombwa, kwa namna fulani, na mmoja wa washiriki. Kabla ya chakula cha mchana kuna zoezi ambalo ndilo jambo bora zaidi la siku nzima. Mkufunzi anapanga vitu juu ya meza: chupa ya maji ya nusu lita, dawa ya meno, kompyuta ya mkononi, kidumu cha mawese kilichoviringishwa mara tatu kwa plastiki, na katoni ya sabuni iliyofungwa kwa kamba ya nailoni, ambayo ubavuni imeandikwa kwa kalamu nene jina la mpokeaji wa Kinshasa na namba yake ya simu. Washiriki wanaambiwa wavipange kuanzia kile cha kuogopesha zaidi. Karibu wote, baada ya asubuhi ile ya vimiminika, tuliiweka chupa mbele, kidumu kikafuata, na katoni ikawa ya mwisho. Mama mmoja mfanyabiashara, ambaye kwa alivyoonekana amepanda ndege kuliko sisi wengine wote, aliichukua katoni, akaigeuza pande zote, akaona kwamba jina la anayeituma halipo popote. Akasema: « Papa, ile chupa mi nitaitupa tu, haina neno. Lakini koli (kifurushi) yenye jirani ananipatiaka nipelekee mutoto wake Kinshasa, njo nabebaka bila kuuliza. Juu ya ile munasema nini? »

Mkufunzi alimjibu kwa heshima: « Mama, hiyo ni kazi ya kampuni ya ndege. Tutairudia mchana. » Mchana ulifika na hatukuirudia. Katoni ilibaki mezani mpaka wahudumu walipoiondoa ili wapate mahali pa kuweka sahani.

Kwa mtu anayesafiri kutoka hapa, swali la mama yule lilikuwa na uzito kuliko habari zote za kemikali tulizopewa. Nani kati yetu hajawahi kubebeshwa bahasha, simu ya kutengenezwa, unga, au samaki wakavu wa kumpelekea shemeji? Kukataa ni kuonekana mwenye majivuno, na anayekataa leo atahitaji kutumiwa kitu kesho. Tena kuna watu wa protokole, ambao katika viwanja vyetu vya ndege wanakupokea mlangoni, wanalichukua sanduku lako na pasipoti yako, wanakuletea kadi ya kupandia ukiwa umekaa. Ni msaada mkubwa kwa mwenye haraka, na wengi wao ni watu waaminifu, lakini kwa muda huo sanduku limekuwa nje ya macho ya mwenyewe na swali la kawaida la ukaguzi, kama mzigo umeufunga wewe na kama umekuwa nao muda wote, limepoteza maana. Ukitumia maswali matatu hapa, utaona kwamba nia ya kulipua ndege ya Lubumbashi ni ndogo, na ninaamini hivyo, lakini nafasi iko wazi kabisa. Tena nia ndogo ya kulipua isitufanye tusahau nia nyingine ambazo zipo kila siku, za madini yasiyo na hati, dawa za kulevya na fedha zisizotangazwa, ambazo zinapita njia ileile ya katoni isiyo na jina la mtumaji na zinaweza kumpeleka aliyebeba gerezani katika nchi asiyoijua.

Kuhusu watu wa ndani, yaani wafanyakazi wanaoruhusiwa kupita pale abiria hawapiti, semina ilitoa picha moja na maneno machache. Hili nalo ni pungufu kubwa. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya Daallo Airlines ilitoka Mogadishu, na baada ya muda mfupi kompyuta yenye bomu ikalipuka na kutoboa ubavu wake. Ndege ilikuwa haijafika juu sana, ikarudi na kutua, na aliyekufa ni mtu mmoja tu, yule aliyedhaniwa kuwa mlipuaji, aliyevutwa nje kupitia tundu. Picha za kamera za kiwanja zilionyesha kompyuta ikikabidhiwa kwake na watu waliofanya kazi palepale kiwanjani, baada ya ukaguzi. Mashine ya eksirei ingekuwa bora kuliko zote duniani isingesaidia. Miezi mitatu kabla ya hapo, tarehe 31 Oktoba 2015, ndege ya Metrojet ilitoka Sharm el-Sheikh na kulipuka juu ya Sinai, watu 224 wakafa, na maswali mengi yaliyofuata yalihusu nani aliweza kuifikia ndege ikiwa bado chini. Mwaka 2017 Marekani na Uingereza zikazuia kwa miezi kadhaa kompyuta katika chumba cha abiria cha ndege zilizotoka katika baadhi ya viwanja vya Mashariki ya Kati na kwingineko. Waliopambana na kompyuta walikuwa na sababu zao, lakini kompyuta ya Mogadishu ilipita kwa sababu ya mkono ulioibeba.

Mkufunzi alifanya vizuri zaidi alipozungumzia milango ya chumba cha marubani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 milango hiyo iliimarishwa kote duniani ili mtekaji asiweze kuingia, na tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings akautumia mlango huohuo kumfungia nje rubani mkuu na kuiangusha ndege katika milima ya Alpi, watu 150 wakafa. Alieleza bila chumvi kwamba kila kinga inazaa upenyo wake. Laiti angeendelea na moyo huo alasiri.

Alasiri ilikuwa ya makombora. Tulionyeshwa filamu fupi za ndege zikipigwa, nyingine zikiwa wazi zimetengenezwa kwa kompyuta, na tukapewa ushauri wa jinsi ya kuinama kitini, ushauri ambao sioni ungemsaidia nani. Hapa mkufunzi alikuwa na mada nzito na akaipita juujuu. Kombora la kurushwa begani si hadithi kwetu. Tarehe 10 Oktoba 1998 ndege ya abiria aina ya Boeing 727 ya shirika la taifa iliangushwa na waasi karibu na Kindu, mashariki mwa Kongo, watu wapatao 40 wakafa. Tarehe 28 Novemba 2002 makombora mawili yalirushwa kwa ndege ya Israeli ilipokuwa ikipaa Mombasa, yakakosa. Visa hivi viwili vingetosha kufundisha somo zima: Kindu ilikuwa uwanja wa vita, silaha zilikuwepo na mwenye silaha aliitazama ndege ile kama chombo cha adui, Mombasa haikuwa na vita, lakini ililengwa kwa sababu ya bendera ya ndege. Msafiri wa Lubumbashi anayetaka kupima tishio la kombora ana mambo mawili ya kuuliza, ndege inapita juu ya wapi na ni ya nani, na majibu yake leo kwa safari ya Kinshasa si sawa na yangekuwa kwa safari ya Kivu, mashariki mwa nchi. Kiwanja cha Goma kilifungwa mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipotekwa na waasi wa M23, na Kavumu, kiwanja cha Bukavu, kikaangukia mikononi mwa kundi hilohilo Februari iliyofuata. Jambo hili lilistahili saa nzima na ramani. Lilipewa dakika tano, na ramani haikuwepo.

Ninaongeza hapa neno la pembeni, ambalo huenda ni la mtu anayependa historia kuliko semina. Ndola, nchini Zambia, iko karibu nasi kuliko Kinshasa mara nyingi, na usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na mji huo akiwa njiani kwenda kukutana na Moïse Tshombe, mkuu wa Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo. Swali la kama iliangushwa, labda na ndege ya kivita ya Katanga aina ya Fouga Magister, limeulizwa tangu wakati ule. Jaji Mohamed Chande Othman, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, alikabidhiwa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuupima ushahidi, na katika ripoti yake ya mwaka 2017 aliona kuwa inawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali ile. Hakusema kwamba imethibitishwa, wala hakusema kwamba ni uzushi. Aliorodhesha mashahidi, akapima kila mmoja, akazitaja pia nchi ambazo nyaraka zao bado zilipaswa kutafutwa. Ningekuwa mkufunzi wa semina ya kupima vitisho mjini Lubumbashi, kisa hiki cha jirani kingekuwa zoezi langu la kwanza, kwa sababu kinafundisha kukaa na neno « inawezekana » bila kulisukuma upande wowote.

Kuna jambo jingine ambalo semina yoyote ya hapa haiwezi kulikwepa na hii ililikwepa: waliokufa angani nchini mwetu, wengi wao hawakuuawa na gaidi. Ndege ya Iliushini 76 iliyotoka Kinshasa tarehe 8 Mei 2003 ilikuwa inakuja hapa Lubumbashi, imejaa askari na familia zao, mlango wa nyuma ukafunguka angani na watu wakachukuliwa na upepo, idadi ambayo haijakubaliwa na wote mpaka leo. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora iliteleza nje ya njia Goma na kuingia katika mtaa wa Birere. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo aina ya Let ilianguka karibu na Bandundu, watu 20 wakafa, na mtu pekee aliyenusurika alisimulia kwamba mamba aliyefichwa ndani ya mkoba wa abiria alitoroka, watu wakakimbilia mbele na ndege ikakosa mizani. Anayecheka habari ya mamba aikumbuke pia katoni yetu ya mezani, maana mkoba ule nao ulipita mahali fulani bila mtu kuufungua. Umoja wa Ulaya umeyazuia mashirika ya Kongo kuruka katika anga yake tangu 2006, na sababu yake ni usimamizi wa usalama wa ndege zenyewe, wala bomu halitajwi. Mshiriki aliyelipa ili ajue aogope nini alipaswa kuambiwa haya kabla ya kuonyeshwa filamu ya makombora.

Kitini kina kurasa chache, karatasi nzuri, na kurasa za mwanzo zenye maswali matatu zinafaa kuhifadhiwa. Kurasa za sheria zimepitwa na wakati. Kinasema kila abiria wa Marekani lazima avue viatu, ilhali Marekani iliiondoa sharti hiyo Julai 2025, na hakisemi kwamba baadhi ya viwanja vya Ulaya na Uingereza vimeanza kuilegeza sheria ya mililita 100 baada ya kupata mashine mpya za ukaguzi. Chakula kilikuwa bukari (ugali) na kuku, cha kutosha na cha moto. Umeme ulikatika mara moja, jenereta ikawashwa bila kuchelewa. Cheti ni kizuri kwa kutundika ukutani, ingawa sijui mwajiri atakayekiuliza.

Kwa makampuni yanayopeleka wafanyakazi nje, ushauri wangu ni kujadiliana ili kulipia asubuhi peke yake, jambo ambalo kampuni iliniambia linawezekana kwa kundi la watu kuanzia kumi, kwa dola 35 kila mmoja. Kwa mama wafanyabiashara na kwa wote wanaobeba mizigo ya watu, siku nzima haifai kwa sasa, mpaka kipengele cha vifurushi, watu wa protokole na mizigo isiyo na mwenyewe kiandikwe kwenye ratiba kwa saa yake, na si kwa ahadi ya mdomo. Mkufunzi mwenyewe ni mtu wa kusikiliza. Nilipompelekea maoni haya kwa maandishi alijibu siku ya pili, akaomba nimpe habari zaidi za UTA 772, na akasema katoni itabaki kwenye zoezi. Semina inayofuata itatangazwa mwezi ujao, na atakayejiandikisha aombe ratiba kwanza, aitazame alasiri imeandikwa nini, ndipo afungue pochi.